Maji Nyuma ya Picha ya Meya

Dilcia Membreño alikuwa na adui mmoja tu katika mji mzima wa Santa Brígida, na adui huyo alikuwa meno. Meno meupe, makubwa, yaliyojaza kioo cha simu kutoka ukingo hadi ukingo. Yalikuwa ya meya. Na aliyeyapandisha pale ni Dilcia mwenyewe, kwa mikono yake, kwa amri, na kwa mshahara ambao ukiulizwa habari zake unaangalia chini.

Kabla ya meno kulikuwa na maji.

Santa Brígida imekaa juu milimani, na tangu misonobari ianze kuungua kila kiangazi, bwawa lake limebaki kama sahani ya supu iliyokwisha kulambwa. Kwa hiyo maji hutoka kwa zamu: leo mtaa wa El Calvario, kesho La Loma, keshokutwa Las Brisas, na ukikosa zamu yako utaingoja tena wiki nzima na ushee. Ndiyo maana kila nyumba, hata ile isiyo na mlango wa maana, ina pila huko nyuma, yaani tangi la saruji lenye jiwe la kufulia ubavuni. Kule watu hawasifiani kwa magari. Wakisema, "Pila ya fulani haijawahi kukauka," wamekwisha kumsifu, hakuna la kuongeza.

Tabu ni kwamba zamu zenyewe zina vichwa vyao. Pampu ikikohoa, zamu ya Alhamisi inahamia Jumanne. Mzizi ukipasua bomba, inahamia kusikojulikana. Mtu pekee anayejua maji yako wapi ni Cástulo, fundi wa mabomba, ambaye huzunguka mji na ufunguo wake mrefu wa kufungulia maji kama mtakatifu Petro aliyeshushwa cheo. Zamani wanawake walimfuata Cástulo barabarani kama vifaranga, mpaka mkewe akaanza kuuliza maswali.

Dilcia alipopewa kazi ya kutunza tovuti ya manispaa, alifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa katika ofisi ile tangu ipakwe rangi: aliuliza wananchi wanataka nini. Hakuuliza kwa mdomo. Kila anayefungua tovuti huacha nyayo: saa aliyoingia, ukurasa alioufungua, muda aliokaa, mahali alipochoka akatoka. Dilcia alisomea kompyuta mji mkuu na akamaliza, jambo ambalo wasomi wengine wa ofisi ile hawakuweza kulisema bila kukohoa kwanza. Akazisoma nyayo zile kama mama anavyousoma uso wa mtoto mwenye sukari mdomoni.

Hawakuja kusoma hotuba. Hawakuja kutazama mke wa meya akigawa mablanketi. Walikuja asubuhi, kahawa haijapoa, kwa simu ndogo zilizopasuka kioo. Wakaruka historia ya mji, wakaruka nembo ya mji, wakashuka mpaka chini kabisa, kwenye faili lililopakiwa kombo, lisilosomeka bila kuinamisha shingo. Lilikuwa na ratiba ya maji. Ya mwezi uliopita.

Basi Dilcia akaipandisha ratiba juu. Akaondoa kila kilichokuwa njiani. Mtu akifungua tovuti, kitu cha kwanza ni herufi kubwa: LEO MAJI YAKO HAPA. Hapakuwa na picha wala video, wala kitu cha kulamba bando la mnyonge. Cástulo akifungua bomba anamtumia ujumbe, Dilcia anaandika, mji mzima unajua. Wageni waliongezeka maradufu. Walikaa sekunde ishirini wakaenda zao kujaza pila. Dilcia alizitazama zile sekunde ishirini kwa furaha ya mpishi anayerudishiwa sahani tupu.

Raha hiyo ilidumu mpaka Elvin Pacheco alipojifunza kufungua grafu.

Elvin alikuwa Mkuu wa Mawasiliano wa manispaa, cheo alichokipata kwa kumwoa binti wa meya. Watu walimwita Wakili kwa kuwa aliwahi kusomea sheria, mpaka mtihani wa kwanza ulipomwona.

"Injinia, njoo uone aibu hii," alimwita asubuhi moja, kidole kimegusa skrini. "Watu wanaingia, sekunde ishirini, wametoka. Ishirini! Hata mbwa akipotea kanisani anakaa zaidi ya hapo."

"Wamepata walichotaka, Wakili."

"Wamekimbia."

"Hawajakimbia. Wewe ukienda kisimani ukajaza ndoo, unabaki pale kukiimbia kisima?"

"Usinifanyie mafumbo. Mgeni akikaa, anapenda. Akitoka, hapendi. Nimesoma. Maana yake watu wanampenda meya kwa sekunde ishirini, na mwakani kuna uchaguzi."

"Meya hayumo hata kwenye ukurasa wenyewe."

Elvin akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyeua mbu. "Umeona? Umeitaja dawa mwenyewe!"

Meya mwenyewe, Don Nahúm Canales, akaletwa, au tuseme manukato yake yalitangulia na yeye akafuata. Kabla ya umeya alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, na hakuwahi kuacha ile tabia ya kumpiga mtu mgongoni kama anayepima nyama. Alisikiliza pande zote mbili huku akijitazama kwenye kioo cha dirisha.

"Binti yangu," akasema, "umelelewa wapi?"

"El Calvario, Meya."

"Huko kwenu mtu huingia nyumba ya mwenzake bila hodi, hasemi habari za asubuhi, hamwulizi mwenye nyumba kaamkaje, anapita moja kwa moja mpaka kwenye pila, anachota?"

"Hapana, Meya, lakini..."

"Lakini ya nini? Hapa hata ukienda kununua mshumaa wa msiba unaanza na habari za asubuhi. Sasa, tovuti ni nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Wanisalimie kwanza, nami niwasalimie, halafu wachote maji yao. Ni heshima tu."

Kilichomkera Dilcia kuliko yote ni kwamba mzee alisema kweli kuhusu salamu. Santa Brígida haianzi jambo bila salamu. Mwizi wa kuku wa Las Brisas alikamatwa kwa sababu bibi mwenye kuku alisema, "Habari za usiku," naye akaitikia. Lakini nyumba ile ya tovuti haikuwa ya Don Nahúm, ilikuwa ya watu, na wenye nyumba hawapigi hodi kwao. Maneno hayo Dilcia alikuwa nayo mdomoni kabisa. Akayameza, akatoa mengine yaliyopoa.

"Video italamba bando za watu, Meya. Wengi wananunua la siku moja moja."

"Salamu haina gharama," akasema Don Nahúm, ambaye simu yake ililipiwa na manispaa.

Ndivyo meno yalivyopanda. Ukifungua tovuti, kwanza Don Nahúm alijitokeza mzima-mzima na kuanza kusema mwenyewe, bila kuguswa: "Ndugu zangu wapenzi..." Alisema akiwa juu ya farasi, na farasi ndiye aliyeonekana kuwa na haya. Baada ya hapo ikafuata picha yake, halafu hotuba yake kuhusu dira ya maji. Chini ya dira kulikuwa na kitufe cha Huduma, ndani ya Huduma kulikuwa na Jamii, ndani ya Jamii kulikuwa na Miundombinu, na huko ndani, kama mhamiaji aliyefichwa chini ya magunia ya kahawa, kulikuwa na maji.

Grafu ikapanda. Ilipanda mpaka Elvin akaleta sahani ya biskuti za mahindi ofisini.

"Dakika nne!" alisema mdomo umejaa. "Wastani, Injinia. Dakika nne mtu mmoja! Na wanarudi. Mtu yuleyule anarudi mara tatu asubuhi moja. Kuna mke gani anamtazama mumewe mara tatu asubuhi moja?"

Dilcia hakugusa biskuti. Yeye alikuwa akitazama nyayo zenyewe. Mtu anaingia, anarudi nyuma, anaingia, anabonyeza picha, anarudi, anabonyeza farasi, anarudi, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Kuna kisanduku cha kutafutia pale juu, na waliochoka kubonyeza waliandika humo. Dilcia aliyaona yote waliyoandika. Mengine alisoma akacheka. Mengine yalimfanya afunge kompyuta na kwenda kusimama dirishani.

"Wakili, hawa hawampendi mtu. Hawa wamepotea."

"Aliyepotea ndani ya nyumba yangu bado ni mgeni wangu," akasema Elvin, akachukua biskuti nyingine.

Angekuwa na kiburi kidogo zaidi, Dilcia angeacha kazi siku hiyo. Lakini kiburi hakinunui mahindi. Alikaa kwa mama yake mdogo, Ercilia, aliyemlea tangu mama yake alipovuka mpaka kwenda kaskazini na kubaki sauti ya simu. Ercilia alipika tortilla, zile chapati za mahindi, na nusu ya soko ilimjua kwa mikono yake. Mahindi ya tortilla huchemshwa na chokaa, halafu yanataka kuoshwa, maji baada ya maji, mpaka ganda litoke lote. Ukiyaosha kwa ubahili, mlaji anaonja ukuta. Kwa hiyo pila ya Ercilia haikuwa pambo. Ilikuwa duka lenyewe. Na mteja wake mkubwa alikuwa bweni la masista, waliotaka kapu lao kila siku, la moto, bila visingizio.

Mwezi wa nne, jua likiwa limeshuka mpaka kwenye mabati, Elvin alimchukua Dilcia kwenda mji mkuu kupeleka maombi ya tuzo. Ilikuwa tuzo ya manispaa za kisasa, na Elvin alitaka mtu wa kubeba kompyuta na kujibu maswali magumu. Wakiwa mbele ya kamati, simu ya Dilcia ikatetemeka mapajani. Cástulo: pampu ya juu imekufa, zamu ya El Calvario haiko tena Alhamisi, anafungua leo, sasa hivi. Dilcia aliandika palepale chini ya meza, akapandisha kwenye tovuti, akarudisha macho kwa kamati. Elvin alikuwa anasema, "Wananchi wetu hawabanduki kwenye ukurasa." Dilcia akajiambia, nimeandika, atasoma. Mji mzima huwa unasoma.

Mganga hajigangi. Aliporudi jioni ile alimkuta Ercilia amekaa juu ya jiwe la kufulia, miguu inaning'inia kama mtoto. Pila ilikuwa kavu mpaka chini. Kando yake palikuwa na ndoo mbili za mahindi ya chokaa, yasiyooshwa, yameanza kutoa povu la kuchacha.

"Mama mdogo, maji yalitoka leo."

"Najua. Kwa majirani yalitoka maji. Kwangu alitoka Don Nahúm."

"Ilikuwaje?"

"Nilibonyeza kama ulivyonifundisha. Akatoka yule mzee. Ndugu zangu wapenzi. Nikabonyeza tena. Ndugu zangu wapenzi. Nikamwambia, Don Nahúm, nimekusikia, sogea kidogo. Ndugu zangu wapenzi. Mara simu ikaniambia bando limekwisha. Nikafunga mlango nikaenda sokoni, mimi na Alhamisi yangu kichwani."

"Ningekupigia, nilikuwa mbele ya kamati..."

"Sikuulizi habari ya kunipigia. Nani aliyemweka yule mzee mlangoni?"

"Mimi."

"Ahaa."

"Niliamriwa, mama mdogo."

"Na ukaona sawa mtu anunue bando ili asikilize mwanamume asiyemwalika? Mimi marehemu mume wangu nilimsikiliza bure, na bado niliona ghali."

Hawakucheka. Yale mahindi Ercilia aliwamwagia kuku wa jirani, na hata kuku walikula kwa mashaka. Siku zilizofuata alinunua maji ya mapipa kutoka kwenye lori, maji ya rangi ya chai, kwa bei ya mtu anayejua una kiu. Hayakutosha. Masista walingoja siku moja, wakangoja siku ya pili, wakaomba radhi kwa upole wao wote, kisha kapu likahamia kwa mwanamke wa Las Brisas. Ercilia hakulia. Alikiosha kile kikapu kitupu kwa kitambaa kikavu, akakitundika ukutani mahali ambapo Dilcia lazima apaone akipita.

Dilcia akaenda ofisini na kifua kimejaa moto.

"Ratiba irudi mbele. Leo," alimwambia Elvin. "Zamu ya El Calvario inayofuata ni wiki ijayo, na pampu bado inakohoa. Watu watakosa tena."

"Baada ya baraza, Injinia. Jumapili meya anataka takwimu kwenye skrini kubwa. Sasa hivi maua yamechanua, wewe unaleta shoka?"

"Maua gani? Wamekaa dakika nne kwa sababu hatuwaonyeshi mlango!"

"Shusha sauti." Elvin akajiegemeza kwenye kiti. "Mkataba wako unakwisha mwezi huu, si ndiyo? Mimi ndiye ninayeandika pendekezo. Ningekuwa wewe, wiki hii ningekuwa laini kama siagi."

Basi hapo hesabu ikawa nyepesi hata kwa aliyekimbia shule. Akinyamaza, mkataba upo, na maji yanabaki nyuma ya farasi. Akisema, maji huenda yakarudi mbele, na yeye atarudi nyumbani kumsaidia mama mdogo kutazama kikapu kitupu. Dilcia alitengeneza picha za skrini kama alivyoagizwa. Grafu ya kijani, yenye mshale unaopanda. Ya mwisho, meno. Alizitengeneza vizuri mno, kwa ile hasira ya fundi anayechonga jeneza la mtu asiyempenda.

Baraza la wazi hufanyika kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa shule, chini ya paa la bati, Jumapili baada ya misa. Sheria inamtaka meya awasikilize wananchi mara kadhaa kwa mwaka, na Don Nahúm aliitii sheria kwa kuongea peke yake. Viti vya plastiki vilijaa. Watu walijipepea kwa makaratasi ya nyimbo za kanisani. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya takwimu. Walikuja kwa sababu mitaa mitatu ilikuwa mikavu, na hasira ya watu wengi ikikusanyika chini ya bati huwa na harufu yake.

Ercilia alikaa mstari wa tatu, amevaa gauni la Pasaka.

Don Nahúm akapanda. Hakuwa amevaa miwani. Hakuwahi kuivaa mbele za watu, kwani kwenye mabango ya kampeni hakuwa na miwani, na mtu hawezi kuzeeka kuliko bango lake. Akawasalimu kwa urefu, akaulizia afya za wazee, akamwashiria Dilcia aliyekuwa kwenye projekta afungue grafu.

"Ndugu zangu wapenzi," akasema, na uwanja mzima ukaguna kwa pamoja, kama tumbo moja kubwa. Yeye akadhani ni upendo. "Wako wanaosema meya yuko mbali na watu. Haya! Tazameni. Hizi si porojo, hizi ni takwimu. Kila mmoja wenu anakaa nami dakika nne kila asubuhi. Dakika nne! Padri mwenyewe hapati hizo."

Kisha kiti kikalia mstari wa tatu.

"Habari za asubuhi, Don Nahúm," akasema Ercilia, kwa adabu zote.

"Habari za asubuhi, Doña Ercilia. Umeamkaje?"

"Nimeamka na kiu. Nataka kusema tu kwamba katika hizo dakika nne, tatu ni zangu. Nilikuwa natafuta mahali pa kukusukuma."

Kicheko kilipasuka upande wa wanawake, kikavuka uwanja, kikarudi. Mtu akapaza sauti, "Na zangu zihesabiwe!" Mwingine, "Farasi wako kanilia bando lote, Meya, nidai nyasi kwa nani?" Elvin aliinuka akiwa mwekundu, akipunga mikono kama anayefukuza ndege shambani.

Don Nahúm hakutikisika. Mchuuzi wa ng'ombe hazimwi na kelele za mnada. "Tulieni, tulieni! Siasa hizo, tunazijua. Takwimu hazina chama. Injinia, waonyeshe. Waonyeshe wananchi wanataka nini."

"Picha inayofuata," Elvin akanong'ona akipita nyuma ya Dilcia. "Bofya tu. Picha inayofuata."

Inayofuata ilikuwa meno. Kidole cha Dilcia kilikuwa juu ya kitufe. Aliuona mkataba wake. Akaona pia gauni la Pasaka, mstari wa tatu, limekaa tena kitini bila kumtazama, maana Ercilia alikuwa mtu wa kuuliza swali mara moja tu. Meya amesema waonyeshwe wanataka nini. Hilo hasa ndilo jambo ambalo Dilcia alisomea.

Akatoka kwenye zile picha nzuri. Akafungua tovuti yenyewe, chumba cha nyuma, mahali panapoonyesha maneno ambayo watu wameandika kwenye kisanduku cha kutafutia, yaliyorudiwa zaidi yakiwa juu. Yakajaa skrini nzima.

Don Nahúm aligeuka, akakodoa, akaona ukungu mweusi wa maandishi. Akatabasamu kwa hadhira.

"Hiyo hapo, sauti ya wananchi wenyewe, neno kwa neno! Elvin, mwanangu, wasomee walioko nyuma."

"Baba, nadhani muda..."

"Soma, mwanangu. Kwa sauti. Hatuna cha kuficha."

Elvin akasogea kwenye skrini. "'Maji,'" akasoma.

"Endelea."

"'Maji leo.' 'Maji lini.' 'Maji El Calvario.' 'Maji jamani.'" Sauti yake ilikuwa inapungua kama bomba la Las Brisas.

"Sauti, mwanangu!"

"'Maji kwa ajili ya Bikira Maria.'" Uwanja ulikuwa umeanza kutetemeka. "'Namna ya kuzima mzee.'"

"Namna ya nini?"

"'Kuzima mzee,' baba. Na hapa... 'Mtoeni huyo farasi nione maji.' 'Meno ya meya yameoshwa na maji gani.'"

Hapo bati lilikaribia kung'oka. Watu walipiga miguu sakafuni, viti vikaanguka, sista mmoja alijifunika uso na mabega yake yakawa yanaruka. Wenye maneno yao wakaanza kuyadai hadharani: "Hilo la farasi ni langu!" "Mwongo, niliandika mimi!" Lakini si wote waliocheka. Mzee mmoja wa La Loma alisimama, kofia mkononi, akasema bila kupaza sauti kwamba mkewe amelala kitandani mwaka wa pili, na mtu wa namna hiyo huwezi kumwogesha kwa hotuba. Kicheko kikakatika kama kimekatwa na kisu.

Don Nahúm aliuelewa umati haraka kuliko alivyoelewa kitu chochote kwenye skrini. Aliweka mkono kifuani.

"Wananchi wamenena," akasema. "Mimi mtumishi wao nimesikia. Kuanzia kesho, ratiba ya maji itakuwa mbele kabisa, kitu cha kwanza! Hilo ni agizo langu."

Wakampigia makofi. Naam, yeye. Walimpigia makofi mtu aliyewarudishia walichokuwa nacho kabla hajakichukua, na hapo Dilcia alihisi hasira mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza, maana hii haikuwa na pa kwenda. Hakuna aliyetaja tena bando zilizolambwa. Hakuna aliyetaja ndoo mbili za mahindi. Mzee wa La Loma alikaa, akavaa kofia yake.

Siku iliyofuata ratiba ilirudi mbele. Pembeni, kwenye kona, Elvin aliacha picha ndogo ya Don Nahúm, kiasi cha ukucha, ili watu wasisahau nani kawapa maji ya Mungu. Mwezi ulipokwisha Dilcia aliitwa akaambiwa bajeti imebana. Elvin hakumtazama usoni. Alikuwa anasoma barua kutoka mji mkuu: tuzo wamepata, hasa kwa ule muda ambao wananchi hukaa kwenye ukurasa.

"Utakuja kwenye sherehe?" alimwuliza, na kwa bahati mbaya alikuwa anauliza kweli.

"Nitakuja," akasema Dilcia. "Nitakaa dakika nne."

Asubuhi moja baada ya hapo alikuwa uani kwa Ercilia, mikono imejaa unga wa mahindi mpaka kwenye viwiko, anafinyanga tortilla ambazo mama yake mdogo alizitazama kwa huruma.

"Hiyo ni ramani ya nchi gani?" akauliza Ercilia.

"Niache, mama mdogo."

"Masista wametuma mtu. Wanasema yule wa Las Brisas anaosha mahindi yake kwa kuyatazama. Wanauliza kama pila yangu ina maji."

Dilcia alipangusa kidole kimoja kwenye aproni, akachukua simu, akafungua. Haikusema ndugu zangu wapenzi. Ilisema: LEO MAJI YAKO EL CALVARIO. Na chini yake, kwa maandishi madogo ambayo sasa Cástulo aliandika mwenyewe, kwa tahajia yake mwenyewe, kwamba ameshafungua.

"Bomba!" akapiga kelele, akaitupa simu juu ya unga. "Mama mdogo, fungua bomba la pila!"

Bomba likakohoa hewa, likatema kutu, kisha likaanza kujaza. Ercilia alikwenda ukutani akakitungua kikapu.

Dilcia alikuwa amekaa kwenye ukurasa ule muda wa kusoma mistari miwili tu. Kule manispaa, kwenye grafu ya Elvin, amehesabiwa miongoni mwa waliokimbia.